Kila taa na mwenyewe: mwongozo kamili wa kujenga usiku wa Mji Mkongwe ndani ya gemu

Giza ndani ya gemu halipatikani kwa kuzima taa mpaka mchezaji asione kitu. Asiyeona kitu haogopi, anakereka. Ataingia kwenye mipangilio, atapandisha mwangaza mpaka mwisho, na usiku wote ulioujenga utageuka rangi ya majivu. Kinachomkaza mtu roho ni kile anachokiona nusu: mlango ulioegeshwa, kivuli kilichopita dirishani, taa inayowaka barazani na aliyeiwasha hayupo.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kujenga usiku wa aina hiyo hatua kwa hatua, na mandhari yetu ni kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, Unguja. Kuta ndefu zimekaribiana, njia inapinda kabla hujajua inakoelekea, kuna mabaraza, roshani na milango ya nakshi. Mahali penyewe pameshakufanyia nusu ya kazi. Kanuni ninayoishika ni moja: kila taa iwe na mwenyewe. Ujue nani kaiwasha, kaiwashia nini, na yuko wapi sasa hivi. Ukishindwa kujibu, itoe.

Tutatumia Godot 4, injini ya bure yenye leseni ya MIT, ambayo haihitaji kompyuta ya bei kubwa. Anayetumia Unity au Unreal ataweza kufuata. Majina ya vifungo yanatofautiana lakini mwanga ni ule ule. Nachukulia kwamba unajua kufungua mradi, kuweka nodi na kuandika mistari michache ya kodi.

Hatua ya 1: Nenda ukaangalie kwa macho yako

Kabla ya kugusa kompyuta, tembea. Baada ya Isha, anzia Darajani, pita Hurumzi, tokea Forodhani, kisha rudi kwa Sokomuhogo. Usiende kutafuta uzuri. Nenda ukahesabu taa, na kwa kila taa andika mambo matatu: rangi yake, urefu ilipo kutoka chini, na mwanga wake unaishia wapi.

Utagundua jambo ambalo picha za kuuzia watalii hazilionyeshi. Mji Mkongwe wa usiku si wa rangi ya chungwa. Taa nyingi za maduka na za nje ni nyeupe kali inayoelekea ubuluu. Kwenye ghorofa ya pili kuna mwanga wa televisheni unaobadilika kila sekunde ukutani. Kuna kijana kakaa kizani, uso wake tu unaonekana kwa mwanga wa simu. Umanjano upo, ila umetawanyika: globu ya kizamani ndani ya ukumbi, mishumaa ya mkahawa, makaa ya mshikaki Forodhani. Ukiujenga mji wote kwa rangi ya chungwa, mwenyeji atajua mara moja kwamba hujawahi kupita hapo usiku.

Simama mbele ya mlango wa nakshi mahali ambapo taa iko ubavuni mwake. Maua na mikufu iliyochongwa inajitokeza yote, kila mchongo na kivuli chake, na vichwa vya misumari ya shaba vinashika nukta ndogo za mwanga zinazohama kadiri unavyosogea. Sasa washa tochi ya simu uumulike mlango huo huo ukiwa umesimama mbele yake. Nakshi inalala. Mlango unakuwa ubao. Taa ni ile ile ya kutosha, kilichobadilika ni pembe tu, na jambo hilo utalihitaji kwenye kila hatua inayofuata.

Ukipiga picha za kumbukumbu, zima hali ya usiku ya kamera ya simu. Hali hiyo huunganisha picha kadhaa na kupandisha mwanga, kwa hiyo itakurudishia kichochoro ambacho jicho lako halikukiona. Bonyeza sehemu yenye taa, funga mwangaza hapo, kisha piga. Na usipige watu waliokaa barazani kwao bila kuwaomba.

Jicho nalo lina mambo yake. Ukitoka penye mwanga mkali, linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na chembe zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi. Ndiyo maana kanga nyekundu iliyoanikwa roshani inaonekana nyeusi usiku, huku vitu vya buluu na kijani vikionekana kung'aa zaidi ya vyekundu. Sehemu zako za giza zipunguzie rangi na uziinamishe kidogo upande wa ubuluu. Rangi kamili iachie vitu vilivyo karibu na taa.

Zungumza pia na watu wazima. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme wa gridi, Mei hadi Juni, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa kama miezi mitatu. Waulize taa gani ziliwaka mitaani kwao, wapi palikuwa na jenereta, watoto walisomea wapi. Utapata mpangilio wa taa ambao hakuna mbunifu angeutunga akiwa mezani.

Hatua ya 2: Amua saa na tarehe ya mwezi

"Usiku" peke yake haitoshi. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na hilo lina matokeo matatu kwenye gemu yako.

La kwanza ni magharibi. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na linashuka kwa kasi: baada ya dakika 20 na kitu hivi, taa zinahitajika. Gemu nyingi zinatengenezwa nchi za kaskazini, ambako jioni ya kiangazi huvuta muda mrefu. Ukinakili mzunguko wao wa mchana na usiku, kichochoro chako kitakuwa cha kwingine.

La pili ni jua la mchana. Linapita karibu na utosi, kwa hiyo sakafu ya kichochoro hupata jua la moja kwa moja kwa muda mfupi tu kwenye saa sita. Saa nyingine zote mwanga hufika chini kwa kudunda ukutani. Hata sehemu ya mchana katika gemu yako itakuwa ya kivuli, yenye mstari mkali wa jua juu kabisa ya ukuta.

La tatu ni mwezi. Mwezi mchanga kwetu hulala chali kama dau. Usiuchore umesimama wima. Na uchague tarehe kwa makusudi. Mwezi tatu, yaani siku ya tatu tangu mwezi kuandama, huzama saa mbili au zaidi kidogo baada ya jua, kwa hiyo saa nne usiku ni giza tupu. Mwezi kumi na nne au kumi na tano huchomoza jua linapozama na kukaa usiku kucha. Mwezi ishirini na saba hutokea karibu na alfajiri. Mchezaji wa Unguja au Pemba anayajua haya kwa mwili wake hata kama hajawahi kuyasema, na gemu itakayoweka mwezi mpevu magharibi saa mbili usiku itampa wasiwasi usio na sababu.

Kwa mfano wetu: mwezi ishirini na tatu, saa nne usiku. Mwezi haujatoka bado. Utatoka katikati ya sehemu hii ya gemu, karibu na saa sita, na hapo kila kitu kitabadilika bila ya wewe kuongeza taa hata moja.

Hatua ya 3: Chora ramani ya taa kwenye karatasi

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka na ndiyo iliyobeba mzigo. Chora kichochoro kutoka juu, weka alama za taa, na kando ya kila alama andika jina la kazi la mwenyewe. Yangu ina tano.

Ya kwanza ni kandili juu ya baraza la muuza kahawa. Birika na vikombe vipo, makaa bado mekundu. Mwenyewe hayupo. Ya pili ni taa nyeupe ya duka lililofungwa nusu. Mwenye duka yumo ndani anahesabu mauzo, kivuli chake kinapita. Ya tatu ni televisheni ghorofani, familia inatazama, na sauti yake inasikika kwa mbali. Ya nne ni kibatari nyuma ya dirisha la chini, cha bibi mmoja ambaye hataki kulala mpaka mjukuu arudi. Ya tano iko mbali kabisa: kichochoro kinapofikia bahari, zinaonekana taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kwenye upeo. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri.

Hapa ndipo tarehe ya mwezi inaporudi kudai haki yake. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, kwa sababu taa yao ndiyo inayowaita samaki. Mbalamwezi ikiwa kali, uvuvi huo hupungua au husimama. Ungechagua mwezi kumi na tano, taa ya tano ingebidi uifute. Mambo kama haya mchezaji hatayataja kwa mdomo, lakini ndiyo yanayomfanya auamini usiku wako.

Sasa angalia taa nne zenye watu na moja isiyo na mtu. Mchezaji akipita duka, televisheni na kibatari, anajifunza bila kuambiwa kwamba kwenye mji huu taa maana yake ni mtu. Akifika kwa muuza kahawa akakuta kandili inawaka, makaa mekundu na baraza tupu, ataogopa. Hujahitaji zimwi wala kelele ya ghafla. Kwa hiyo weka baraza hilo mwisho, kamwe lisiwe mwanzo.

Hatua ya 4: Zima kila kitu

Fungua mradi mpya. Godot itakuuliza "Renderer", yaani njia ya kuchora picha. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, chagua Forward+. Ukilenga simu, chagua Mobile. Kompyuta kongwe au kivinjari, Compatibility.

Kwenye dirisha la 3D, juu, kuna alama mbili za jua na dunia. Hizo ni jua na mazingira ya kuonea tu. Zipo kwenye kihariri, hazipo gemu ikianza kucheza. Zizime zote mbili sasa hivi. Ukizisahau utapanga taa zako juu ya mwanga usiokuwepo.

Weka kuta mbili, sakafu, baraza na mlango. Maboksi ya kawaida yanatosha kwa sasa. Umbali wa kuta uwe kama mita 2, urefu mita 9 au 10. Usijenge ukuta mzima wa kichochoro kuwa modeli moja. Ukate vipande vya mita tatu nne. Sababu ni ya kiufundi: kwenye Mobile, kila modeli inapokea taa za OmniLight3D (zinazomulika pande zote) zisizozidi 8 na SpotLight3D (zinazomulika upande mmoja kama tochi) zisizozidi 8. Ukuta mmoja mrefu utajaa haraka, na taa zitaanza kupotea bila maelezo.

Hatua ya 5: Giza la chini

Ongeza nodi ya WorldEnvironment na uipe Environment mpya. Kwenye "Background" chagua "Custom Color", rangi ya buluu nzito karibu na nyeusi. Kwenye "Ambient Light" weka chanzo kiwe "Color", rangi ya buluu ya kijivujivu, na "Energy" anzia 0.2.

Huu ndio mwanga usio na mwenyewe pekee unaoruhusiwa, kwa sababu ni wa mbingu. Kazi yake ni kumwezesha mchezaji kutofautisha ukuta na njia, basi. Upandishe polepole mpaka uone ukingo wa baraza, kisha urudi nyuma kidogo. Usiuache sifuri: weusi mtupu kwenye skrini hauna umbali, ukuta wa mita mbili na bahari ya kilomita mbili vinakuwa kitu kimoja.

Mwezi ni DirectionalLight3D, taa ya mbali inayomulika mandhari yote kutoka upande mmoja, rangi ya buluu iliyopauka, "Energy" kati ya 0.08 na 0.15, kivuli kikiwa kimewashwa. Uache umezimwa mpaka saa yake ifike. Uwiano wa kweli hautakusaidia hapa: jua la mchana hufika kama luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 na mwezi mpevu haufiki hata luksi 1, tofauti ambayo skrini yoyote haiwezi kuibeba. Unajenga kile ambacho jicho lililozoea giza linadhani linakiona.

Kwenye "Tonemap" chagua "Filmic" au "ACES" badala ya "Linear", ili taa isigeuke doa jeupe. Na kwenye mipangilio ya mradi tafuta "Use Debanding" uiwashe. Bila hiyo, mpito laini kutoka mwanga hadi giza utakatikakatika kuwa mistari, na usiku ndipo mistari hiyo inapoonekana zaidi.

Hatua ya 6: Kuta

Pita haraka, ila usiruke. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa. Palipo na chokaa safi, taa moja ndogo hudunda ukuta hadi ukuta na kuangaza njia nzima. Palipobambuka mawe yakabaki wazi, na palipoota ukungu mweusi wa unyevu, mwanga humezwa. Kwa hiyo kuchagua ukuta ni kuchagua mwanga. Sehemu ya duka ipe chokaa. Sehemu ya kuelekea kwa muuza kahawa ibambue.

Chokaa isiwe nyeupe kamili. Weka kama asilimia 70 hadi 80 ya weupe, vinginevyo ukuta utang'aa kuliko taa yenyewe.

Hatua ya 7: Kandili

Weka OmniLight3D ndani ya modeli ya kandili, sentimita chache juu ya utambi. "Range" iwe mita 5, "Attenuation" iwe 2, kwa sababu mwanga halisi hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Thamani ya awali ya injini ni laini zaidi na hufanya taa ndogo ionekane taa ya uwanja.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin (K): moto wa utambi uko karibu na 1,900 K, yaani chungwa iliyokolea. Globu ya kizamani iko 2,700 K. Taa nyeupe ya duka iko 6,500 K. Usikadirie kwa hamu, panga kwa vipimo hivi, kisha tofauti kati ya taa na taa itajitokeza yenyewe.

Washa kivuli cha kandili. Taa isiyo na kivuli hupenya ukuta na kuangaza chumba cha jirani, na kwenye nyumba zilizobanana hivi utashangaa mwanga unatoka wapi. Taa za mbali ambazo mchezaji hazikaribii, punguza "Range" na uache kivuli kimezimwa ili kompyuta ipumue.

Moto haukai kimya. Ambatanisha kodi hii kwenye taa:

```
extends OmniLight3D

@export var nguvu := 1.6
@export var mtikisiko := 0.3
var upepo := FastNoiseLite.new()
var muda := 0.0

func _ready():
	upepo.seed = randi()
	upepo.frequency = 0.5

func _process(delta):
	muda += delta
	light_energy = nguvu + upepo.get_noise_1d(muda * 4.0) * mtikisiko
```

Usitumie namba za bahati nasibu kila fremu. Taa itapepesa kwa fujo. FastNoiseLite hutoa mpando na mshuko unaofuatana, na ndivyo utambi unavyofanya upepo wa bahari ukiingia kichochoroni. Kandili yenye kioo chake, "mtikisiko" wa 0.1 unatosha. Kibatari kisicho na kioo, 0.4.

Tahadhari ya kweli: mimweko mikali inayozidi mitatu kwa sekunde inaweza kumletea kifafa mtu mwenye tatizo hilo. Weka kitufe kwenye menyu cha kupunguza mtikisiko, na kionekane kabla ya gemu kuanza.

Hatua ya 8: Vioo vya rangi

Nyumba nyingi za zamani zina vioo vya rangi juu ya milango na kwenye roshani, nyekundu, kijani, buluu. Usiku, taa ikiwa ndani, rangi hizo huanguka ukuta wa pili. Godot inaweza kufanya hivi kwa bei rahisi: weka SpotLight3D ndani ya chumba ikitazama nje, na kwenye "Projector" tia picha ya kioo chenyewe. Kivuli lazima kiwe kimewashwa ndipo kazi hiyo ifanyike, na haipatikani kwenye Compatibility. Njia hiyo hiyo inatoa vivuli vya nondo za dirisha na mbao za roshani.

Weka kioo cha rangi kimoja tu kwa kichochoro kizima. Viwili vitaanza kuonekana pambo.

Hatua ya 9: Tochi ya mchezaji

Makosa mengi yako hapa. Watu wanaibandika SpotLight3D katikati ya kamera kabisa. Matokeo yake kila kivuli kinajificha nyuma ya kitu kinachokitoa, na mandhari yote inalala bapa, sawasawa na ule mlango wa nakshi uliomulikwa kutoka mbele. Isogeze sentimita 25 kulia na 20 chini, mahali mkono ulipo. Vivuli vitachomoza na nakshi itaamka.

Kisha ichelewe kidogo kuifuata kamera. Mtu akigeuka, macho hufika kwanza na mkono baadaye, na katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde mchezaji anatazama giza kabla ya tochi kufika. Utapata hofu nyingi kwa mistari miwili ya kodi.

Na ujiulize kama anaihitaji kabisa. Doom 3 ya mwaka 2004 ilimlazimisha mchezaji achague kati ya tochi na silaha, na wachezaji walilalamika sana. Toleo la mwaka 2012 likaiweka tochi kwenye vazi lake. Kwangu mimi uamuzi wa mwanzo ulikuwa bora kwa hofu, ingawa uliwachosha wengi. Kumpa mtu mwanga na kumnyima kitu kingine kwa wakati mmoja ndiko kunakofanya mwanga uwe na thamani.

Hatua ya 10: Moshi

Silent Hill ya mwaka 1999 ilitumia ukungu kuficha udhaifu wa PlayStation, ambayo haikuweza kuchora mji mpaka mbali, na udhaifu huo ukawa ndiyo sura ya gemu. Somo ni zuri, lakini usilete ukungu wa milimani Unguja. Kwetu kinachobeba mwanga ni unyevu wa pwani na moshi: makaa, ubani, jiko la mkaa lililowekwa mlangoni. Washa "Fog" ya kawaida kwa kiasi kidogo sana, rangi yake ikaribiane na anga, ili mwisho wa kichochoro upauke. Ukiwa kwenye Forward+, washa "Volumetric Fog" na uweke FogVolume ndogo juu ya makaa ya muuza kahawa tu. Moshi huo nao una mwenyewe.

Hatua ya 11: Ifanye nuru iwe na kazi

Mwanga ukiwa pambo tu, mchezaji ataacha kuutazama baada ya dakika kumi. Thief: The Dark Project ya mwaka 1998 iliweka kito chini ya skrini kinachoonyesha umeangazwa kiasi gani, tangu hapo kila taa ikawa adui na kila kivuli nyumba. Amnesia: The Dark Descent ya mwaka 2010 ilifanya kinyume: ukikaa gizani akili yako inapungua, ukiwasha kandili mafuta yanakwisha. Kwa kichochoro chetu napenda kanuni ndogo zaidi. Mchezaji anaweza kuazima mwanga, hawezi kuumiliki. Anasimama karibu na duka ili asome karatasi aliyoiokota; mwenye duka akifunga mlango, kusoma kumekwisha. Anabisha kwa bibi kuomba kibatari, na akikichukua, lile dirisha linabaki jeusi mpaka mwisho wa gemu. Huna haja ya kumwambia kitu. Atakapopita tena ataona mwenyewe alichokifanya.

Sauti ifuate taa hizo hizo. Giza likizidi, sikio linafanya kazi ya jicho: televisheni ikizimwa, ghafla asikie bahari.

Hatua ya 12: Kuoka mwanga

Taa zisizohama zinaweza kukokotolewa mara moja na kuhifadhiwa, mdundo wa ukutani ukiwemo, jambo linaloipa simu usiku mzuri bila kuchemka. Ongeza LightmapGI, hakikisha modeli zimeletwa na "Static Lightmaps" kwenye mpangilio wa "Light Baking", taa ya duka iwe "Static" kwenye "Bake Mode", kisha bonyeza kitufe cha kuoka. Kandili inayotikisika iache "Dynamic", na televisheni vilevile. Ukibadilisha ukuta, oka upya.

Hatua ya 13: Pima

Piga picha ya skrini, itoe rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Kama hujui njia iko wapi bila rangi, taa zako zimepangwa vibaya, na hakuna rangi itakayoziokoa. Kunja macho mpaka picha iwe na ukungu: yabaki madoa ya mwanga matatu au manne, yanayolivuta jicho kwa mfuatano unaoutaka.

Kisha jaribu kwenye skrini tofauti. Skrini ya LCD ina taa nyuma yake, weusi wake ni kijivu. Skrini ya OLED huzima pikseli kabisa, weusi wake ni weusi. Usiku ulioupanga kwenye moja utakuwa mwingine kwenye nyingine. Ndiyo sababu gemu yako ianze na ukurasa wa kurekebisha: onyesha mlango wa nakshi ukiwa gizani, na umwambie mchezaji apandishe mwangaza mpaka aone misumari lakini asione maua. Thamani hiyo iingize kwenye "Brightness" ya sehemu ya "Adjustments". Jaribu pia kwenye simu ya bei ya chini, mchana, kivulini, kwa sababu wengi watachezea hapo.

Mwisho mpe mtu acheze, mtu asiyejua ramani yako, na ukae nyuma yake bila kusema kitu. Usitazame skrini, tazama mikono. Anapokwenda polepole, andika yuko karibu na taa ipi. Anapokimbia, andika pia. Akifika kwa muuza kahawa akapita bila kusimama, usiongeze giza pale: rudi kwenye zile taa tatu za duka, televisheni na kibatari, uone kama watu wake wameonekana vya kutosha.